Kitufe cha Rudisha Kilivyoniozesha

Leo nimeoa mchumba wa mtu, mwenyewe akiwa amekaa pembeni anakunywa soda yangu.

Mnajua mie na Neema tunatengeneza programu ya kuhariri picha. Humo picha ni visanduku vilivyounganishwa kwa mistari: hiki cha sura, kile cha rangi, kile cha maandishi. Ukigusa kimoja, vyote vinavyokitegemea vinabadilika. Na watu wawili mnaifanyia kazi picha moja kwa pamoja, Neema akiwa kwake Madale, mie Gongo la Mboto.

Kitufe cha Rudisha, cha kufuta ulichokosea, nilikibuni mie. Neema alinionya: "Baraka, kila mtu arudishe cha kwake." Nikamjibu, "Sie timu moja, historia moja! Kifute cha mwisho, kiwe chako au changu!" (Ndio mie huyo, mhitimu wa masomo ya jioni ya kompyuta, shingo imesimama kama mnara wa simu.)

Asubuhi tulikuwa kwenye bango la harusi la mteja, nikachomeka uso wangu kwenye kisanduku cha bwana harusi. Utani tu! Nikacheka, nikauweka tena wa mwenyewe kwa mkono, nikapachika ua. Neema akaendelea kuremba: dhahabu, kisha jina la bibi harusi.

Akaingia kwangu Mama Rehema, mama wa bibi harusi, na mkwewe mtarajiwa, bwana harusi mwenyewe, nikampa soda. Wateja wetu wa kwanza duniani! Harusi kesho, bango linasubiriwa kwa mchapaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Zuri! Ila hilo ua silitaki, limekaa kama kabichi."

Nikabonyeza Rudisha. Likatoweka jina la Rehema! Kazi ya Neema hiyo. Nikabonyeza tena. Ikatoweka dhahabu. Tena. Tena! (Jasho la kujaza ndoo.) Ua likatoka, lakini kidole kilishashika mteremko, breki hakina.

Uso wangu ukatokea. Kwenye bango. Kwenye kadi. Kwenye fulana za kamati nzima, maana vyote vinachota sura kwenye kisanduku kile kile! Nimemkumbatia Rehema, meno yote nje.

Simu ikalia, nikaiweka spika. Neema: "We Baraka! Umeoa lini?"

Bwana harusi akaweka soda chini. "Braza, hebu nielekeze. Mie kesho nakuja kama nani?"

Mama Rehema akainamia skrini. Nikajua mteja kaondoka, na programu imekufa. Nikanyoosha mkono nirekebishe.

"Toa mkono!" Neema akafoka, kaona mshale wangu unasogea kwenye skrini yake. "Ukigusa kitu sasa hivi, yote uliyoyafuta hayarudi!"

Akayarudisha mwenyewe kutoka Madale kwa kitufe cha Rudia, moja baada ya jingine: sura ya mwenye mke, ua, dhahabu, jina. Kisha lile ua la kabichi akaling'oa lenyewe tu, bila kugusa kingine.

Mama Rehema akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Mwanangu, posa haiji kwa kompyuta. Ungetuma mshenga! Haya, likachapwe. Na kesho uje ule."

Neema, Mungu akupe maisha marefu. Mama, asante. Braza, asante kwa kuinywa ile soda badala ya kunimwagia.

Kitufe nakibuni upya: kila mtu arudishe chake. Na kesho mkinikuta kwenye pilau, chondechonde, asiniulize mtu nimekuja upande wa nani.