Medali ya Marehemu na Ndimu Zangu Mbili

Ndugu zangu wakusanyaji wa Kigoma na wa Lubumbashi, leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima uliokaa kwenye mikeka. Ninawaandikia upesi kwa sababu mmoja wa waliokuwapo anapanda boti ya Kigoma kesho, na si mtu wa kukaa na habari tumboni. Afadhali mzisikie kwangu.

Mnanijua. Mchana ninatunza stoo ya vipuri kwenye karakana ya reli. Jioni ninafungua sanduku langu: vifungo vya koti za askari, kofia moja ya chuma, beneti mbili butu (ya pili mke wangu anakatia sabuni, tulishagombana, nikashindwa), na medali zangu. Sikufundishwa na mwalimu. Nilijifunza kwenye kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, alichoniachia padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Hapa Kalemie mtu akichimba msingi wa nyumba akakuta risasi ya zamani, anaambiwa: peleka kwa Papa Ilunga. Nimezoea kuulizwa. Pengine nimezoea kupita kiasi.

Juma lililopita alikuja Mama Sangani, mjane wa Papa Mulongo, yule askari wa zamani aliyepelekwa vitani Abisinia. Mkononi alikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa medali ya marehemu. Matanga yalikuwa yaondolewe leo, na mnajua desturi: siku hiyo ukoo wa mume hugawana vitu vyake. Redio ilikwisha kupata mwenyewe. Baiskeli vilevile. Hata kopo la tumbaku ambamo medali ilikaa miaka yote, shemeji yake, Papa Kalunga, alikwisha kulitia mfukoni bila kungoja siku.

"Papa Ilunga," Mama Sangani aliniambia, "mimi sitaki kitu. Nataka hii tu. Lakini shemeji anasema hii njo zahabu, na zahabu ni ya ukoo. Kuja uwaambie."

"Ni shaba, Mama. Askari wote wa safari ile walipewa hiihii."

"Mimi najua ni shaba. Lakini mimi ni mwanamuke. Wewe uko na kitabu."

Nikaahidi. Akaniachia medali na kitambaa chake ili niichunguze vizuri. "Unitunzie," alisema. Hakusema nisiioshe. Nani angefikiri kumwambia hivyo mtu mwenye kitabu?

Sasa nifike leo asubuhi, na hapa ninaomba mvute subira. Kitabu changu kinasema kwa herufi nzito kwamba medali ya kale haisafishwi kamwe. Nyinyi mnajua kwamba ninajua. Wewe wa Kigoma, ulipoisugua beneti yako kwa mchanga, nilikuandikia kurasa mbili za kukukaripia. (Barua ile uichane, tafadhali.)

Lakini niliitazama medali ya Papa Mulongo, nikaiona nyeusi, imeshika utando wa kahawia unaonata kwenye vidole. Nikajiona nimesimama mbele ya wazee na kitu kile mkononi. Nikataka maandishi yasomeke toka mbali. Nikasema moyoni, uchafu ni uchafu. Nikachukua ndimu mbili, majivu na sabuni ya mawese.

Mke wangu, Mama Riziki, akapita na ndoo. "Unaosha kitu cha watu?"

"Ninakisoma."

"Unakisoma na majivu?"

Mtu anayefanya kazi ya utaalamu hajibu kila neno. Nilisugua mpaka medali ikawaka kama jua la saa sita juu ya ziwa. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kumaliza kazi, nikakifua na kitambaa chake.

Nyumbani kwa marehemu nilikuta watu wamejaa uani. Papa Kalunga alikuwa amefika toka Zongwe, anakonunua samaki, amevaa koti jipya la abakosi lenye beji ya chama. Ana jino moja la dhahabu mbele, na kwa ajili ya jino hilo ukoo mzima humtegemea katika mambo ya dhahabu.

Nikasimama. Nikafungua kitambaa. Jua likapiga.

Watu wakavuta shingo. Kisha bibi mmoja akasema "Yesu wangu," polepole, kama mtu aliyeona mali.

"Ni shaba," nilisema.

"Shaba gani inawaka hivi?" Papa Kalunga akanyoosha mkono, akaichukua, akaiweka kando ya jino lake na kufungua mdomo. Wazee wawili wakainuka kwenye viti, wakainama, wakalinganisha.

"Zinafanana," alisema wa kwanza.

"Tumbo moja," alisema wa pili.

Sikutishika. Nilikuwa nimekuja na medali yangu ya namna ileile, ya askari mwingine wa safari ileile, ambayo sikuigusa kwa maji tangu niipate. Nyeusi kama chini ya sufuria. Nikaziweka zote mbili mkekani, bega kwa bega, nikaeleza kwa utaratibu: ukubwa mmoja, picha moja, maandishi mamoja. "Yangu ni shaba. Hii ni sawasawa na yangu. Basi na hii ni shaba."

Papa Kalunga akatazama ya kushoto, akatazama ya kulia.

"Papa Ilunga, macho yetu ni mazima. Yako ni shaba, kweli. Hii njo zahabu. Asante kwa kutuonyesha tofauti."

Uani wakacheka. Mama Sangani hakucheka. Alikuwa ameketi mlangoni na nguo yake ya matanga, mikono juu ya magoti, ananitazama kama mtu aliyemkodi wakili, wakili akafika amelewa.

Kulikuwa na njia moja tu. Nikaomba ndimu. Nikaomba majivu. Nikapewa kigoda cha jikoni, nikakaa katikati ya wageni na koti langu la Jumapili, nikaanza kuisugua medali yangu mwenyewe, ambayo miaka yote sikuruhusu hata mke wangu aiguse.

"Papa Ilunga anaosha vyombo," sauti ikasema nyuma.

"Mumuonyeshe masufuria, iko kule nyuma."

"Mumuache kwanza amalize sahani."

Nilisugua. Jasho likashuka. Nikasuuza, nikaiinua juu. Ikawaka kama ya marehemu.

Papa Kalunga akatikisa kichwa kwa huzuni. "Kumbe hata wewe uko na zahabu. Na miaka yote unatuficha, unatembea na miguu kama sisi."

Nikajifuta uso kwa kiganja, na kiganja kikanipa jibu: kilinuka funguo. Harufu ya funguo za stoo ninazoshika kila siku. Shaba ikishikwa na mkono wa jasho inanuka. Dhahabu hainuki. Nikamwomba Papa Kalunga asugue jino lake kwa kidole, halafu anuse kidole. Akasugua, akanusa.

"Linanuka nini?" shangazi mmoja akauliza.

"Halinuki."

Shangazi akamvuta mkono, akanusa mwenyewe. "Linanuka samaki," akasema, na safari hii watu hawakunicheka mimi.

Medali zikaanza kuzunguka. Kila mtu alisugua kwa kiganja, akanusa, akampa mwenzake. "Funguo," alisema huyu. "Bomba la maji," alisema yule. Mzee wa ukoo akanusa mwisho, akanusa tena, akapiga chafya. "Ni shaba," akatamka. "Mumupe mama shaba yake."

Nilikuwa nimeshinda. Nilirekebisha koti. Ninakiri hata nilikohoa kidogo, kama mtu anayesubiri shukrani.

Mama Sangani akapewa medali. Yeye hakuisugua. Aliileta puani moja kwa moja, akafumba macho, kwa namna ya mtu aliyezoea. Akangoja. Akaigeuza upande wa pili, akanusa tena. Kisha akachukua kitambaa, akauzika uso wake ndani yake.

Alipokitoa, alinitazama.

"Uliosha na nini, Papa?"

"Ndimu, Mama. Majivu. Na sabuni."

"Na kitambaa?"

"Na kitambaa."

Akaitikia kwa kichwa. "Ilikuwa inanuka tumbaku yake," alisema, bila kumlenga mtu. "Ile alikuwa analima mwenyewe hapa nyuma ya nyumba. Jioni nilikuwa naifungua kidogo, halafu naifunga, isiishe."

Papa Kalunga akaingiza mkono mfukoni mwa abakosi, akatoa lile kopo, akampa. "Shemeji, chukua. Irudishe ndani."

Alilifungua, akanusa, akamrudishia. "Asante, shemeji. Hii sasa ni ya kwako. Ni tumbaku ya sokoni."

Nilipaswa kusema pole. Ni neno fupi, hata mtu asiye na kitabu analo. Lakini ulimi ukatafuta njia yake, na nilichosema, mbele ya watu wote, ni hiki: "Ila sasa, Mama, maandishi yanasomeka vizuri."

"Mimi sijui kusoma, Papa," alijibu. Hakunijibu kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

Nikatafuta kofia yangu.

Nimerudi nyumbani. Mama Riziki ameniuliza, "Wamemuachia medali yake?" Nimesema wamemuachia. Akasema, "Basi ulisaidia." Nikasema ndiyo. Sasa nimekaa mezani, yangu iko mbele yangu inawaka, na kila nikiinusa inanuka ndimu, kama samaki wa kuchoma. Nilikuwa nikijisifu kwenu kwamba nikipewa chuma chochote cha jeshi ninaweza kusema kilitoka wapi. Kilichokuwa juu ya chuma kile kilitoka nyuma ya nyumba ya Papa Mulongo, na nilikiita uchafu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, lichekeni jino, na masufuria mcheke mpaka mchoke. Mkifika kwenye kitambaa, nawaomba mninyamazie.