Nusu Kilo ya Uzi Kufikia Jumamosi

Jumatatu, 17 Novemba

Wachuka ametoa amri. Dada yangu huyu amenitangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja tu, lakini ukimsikia utadhani Bonde la Ufa lilichimbwa yeye akiwa msimamizi. Anataka chumba changu. Anataka kukijaza manyoya ya kondoo.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Nyumba yangu ya Kihoto imo ziwani. Wiki tatu zilizopita maji ya Naivasha yaliingia kwa mlango wa nyuma bila kupiga hodi, na tangu hapo nalala hapa Ndabibi, kwenye chumba cha pembeni cha Wachuka. Ni chumba kikavu. Mabati hayavuji. Hapo ndipo shida ilipo: mvua haikatiki, sufu yao inaota ukungu barazani, na yeye na wanawake wenzake wa kikundi cha kusokota wanataka mahali pakavu pa kuiweka.

Amesema hivi. Chumba ni cha wanaosokota. Jumamosi anakuja Linah, mfumaji wa mazulia kutoka Nakuru, ambaye huchukua uzi wao wote. Nikimwonyesha nusu kilo ya uzi niliousokota mwenyewe, nitakaa humo, mimi na magunia. Nikishindwa, Jumapili naenda Longonot kwa binamu yetu Thuo.

Thuo! Mtu anayeombea chai mpaka inapoa. Mtu anayefuga jogoo ndani ya nyumba, eti kwa usalama.

Nusu kilo tu. Nilikuwa karani wa stoo katika shamba la maua kwa miaka ishirini na miwili. Mbolea niliipokea kwa tani. Nywele za kondoo hazinitishi, na nimemwambia hivyo. Akanijibu kuwa kuuliza si ujinga, nikitaka kufundishwa yupo. Nikacheka kwa pua.

Jumanne, 18 Novemba

Kipsang amekuja na punda wake na magunia mawili. Huyu ni mfugaji kutoka huko juu Mau, kwenye baridi, ana wale kondoo wa sufu ambao hata mbele hawaoni kwa manyoya. Alifiwa na mke miaka sita iliyopita. Dada yangu naye ni mjane. Mimi si mtoto, naona mbali.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba anasokota. Mwanamume wa miaka sitini! Aliketi kwenye kigoda, akaweka mbele yake gurudumu la baiskeli alilolifungia kwenye mbao, akavuta sufu kwa vidole viwili kama mtu anayekamua ng'ombe mpole, na uzi ukatoka mwembamba, sawasawa, bila kukatika. Wanawake wakamsifu. Mimi nikawa natazama mlima. Gurudumu hilo likinyeshewa litapata kutu, kwa hiyo linahitaji chumba. Chumba gani? Changu.

Akanisalimu kwa Kikalenjin, chamgei, mzee. Mzee! Ananizidi miaka miwili. Kisha akasema kwa ule upole wake wa kukera kwamba ameniletea manyoya ya kondoo mmoja, yaliyokatwa juzi, safi, nianzie hayo. Nikamwambia asante, nina mtu wangu.

Mtu wangu ni mwenye bucha pale kituoni. Alikuwa na gunia zima la manyoya ya dopa, wale kondoo wenye kichwa cheusi, akafurahi sana kulitoa. Alifurahi kupita kiasi, sasa nikikumbuka. Najua dopa hufugwa kwa nyama, lakini kondoo ni kondoo.

Mchana kutwa nimechana. Vichanio ni vibao viwili vyenye meno ya waya; unaweka sufu katikati, unavuta huku na huku, inalala upande mmoja. Yangu haikulala. Ilimwagika chini mpaka baraza likafanana na sakafu ya kinyozi. Nilipojaribu kusokota, uzi ulikatika. Nikapaka mate. Nikapaka uji. Kufikia jioni nilikuwa na uzi wa urefu wa kidole, na ulikuwa uji zaidi kuliko uzi.

Wachuka alipita, akafinya manyoya kidogo, akasema hizi ni nywele za dopa, zinachomwa, hazisokotwi, na hilo linajulikana na kila mtu aliyezaliwa bonde hili. Akaongeza kuwa ningeuliza. Nikamwambia nilikuwa nafanya utafiti.

Jumatano, 19 Novemba

Nimejichukulia manyoya ya kondoo mmoja kutoka kwenye gunia la Kipsang. Si wizi. Alinipa, mimi ndiye niliyekataa, na mtu ana haki ya kubadili mawazo bila kutangaza.

Wachuka alikuwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya, nikapata nafasi ya kuosha sufu kisasa. Yeye huosha namna ya ajabu. Huiweka kwenye maji ya uvuguvugu, haisugui, haigeuzi, anaiacha imelala humo kama mgonjwa. Nilimwona mara mbili na kumhurumia. Uchafu wa kondoo hauondolewi kwa kubembelezwa. Nikachemsha maji yakatokota. Nikatia sabuni ya unga, kikombe kizima. Nikatumbukiza sufu, nikachukua mwiko mkubwa wa ugali wa sherehe, nikasonga. Nilisonga nusu saa. Kisha nikaisuuza kwa maji baridi ya tangi, nikaifikicha kwa nguvu kama ovaroli.

Ilitoka nyeupe. Hilo hawawezi kunikatalia.

Ila ilitoka ikiwa kitu kimoja. Manyoya yaliyojaza beseni yalikuwa yamegeuka mkeka mnene, mgumu, mdogo kama zulia la mlangoni. Nikavuta upande mmoja. Mkeka wote ukaja. Nikavuta kwa koleo. Nikasimama juu yake na kuvuta. Hata unywele mmoja haukutoka.

Kipsang ndiye aliyenikuta. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliugeuza mkeka, akausifu unene wake, akaomba kipande cha kuweka ndani ya gambuti zake, vile viatu vya mpira, kwa sababu ya baridi ya huko juu. Akakata nyayo mbili kwa kisu, akazivaa, akasema zimemkaa vizuri. Sasa mtu huyo anatembea juu ya kazi yangu.

Alhamisi, 20 Novemba

Nilishuka Kihoto. Nilimwambia Wachuka nakwenda kuangalia hati ya nyumba.

Maji yamefika dirishani. Mahali palipokuwa na sukuma wiki yangu, kiboko alikuwa anajikuna kwenye nguzo ya lango. Kitanda changu sikukiona. Blanketi nililonunua siku niliyostaafu lilikuwa limenasa kwenye waya wa jirani, lina tope na magugu ya ziwa. Niliumia. Sitaki kumwambia mtu, lakini hapa naandika: nilisimama pale nikalia, na mwenye boti aliyenipeleka akajifanya anaangalia injini.

Nilipomaliza kulia akili ilinijia. Ndivyo nilivyo mimi.

Nilipanda hadi soko la mitumba mjini Naivasha. Nikachagua sweta moja nene, rangi ya maziwa, ya mtu mkubwa sana. Muuzaji akaapa: boss, hii ni sufu tupu, kondoo wa ng'ambo. Nikaipima kwa mkono. Karani wa stoo hahitaji mizani. Nusu kilo na ushee.

Wanawake sita wanainamia vichanio toka asubuhi hadi jioni, migongo inawauma, wakati uzi uliokwisha kusokotwa unaning'inia sokoni una mikono na kola. Elimu ni kitu kizuri.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimefumua sweta lote, mlango nimefunga. Uzi umetoka na mawimbi, kila hatua una kona ya pale ulipokuwa fundo. Nimeulowesha, nikautundika na jiwe chini, mawimbi yamepungua. Umenyooka mno, hauna hata kosa moja. Nimeupaka mafuta ya kondoo niliyoomba kwa mwenye bucha ili unuke zizi. Mbwa wa Wachuka amelala mlangoni kwangu tangu saa nane na hataki kuondoka.

Wachuka alibisha hodi, akaniuliza kazi inaendeleaje. Nikamwambia vizuri. Akauliza kama nimekula. Nikamwambia msanii hali. Akaacha sahani ya mukimo wa viazi mlangoni, na mbwa akaila.

Kesho watajua.

Jumamosi, 22 Novemba

Nina uchungu, lakini nitaandika kwa utaratibu.

Linah amefika saa nne. Mama mfupi, miwani kifuani, mikono imejaa alama za nyuzi. Kikundi kizima kilikuwa barazani, na Kipsang pia, ndani ya gambuti zake zenye joto. Nikaweka vitita vyangu vya uzi mezani. Wanawake wakasogea karibu. Linah akainua kimoja, akasema mzee, huu uzi umenyooka kama wa mashine. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Wachuka alikuwa ananitazama mimi, hakuutazama uzi hata kidogo.

Kisha Linah akatoa kiberiti.

Hakuna aliyeniambia kuhusu kiberiti! Eti ndiyo desturi yake. Kila uzi anakata kipande kidogo, anakichoma. Akachoma wa Wachuka: ulinuka kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa kwa supu, moto ukazima wenyewe, likabaki jivu lililovunjika kwa kidole. Akachoma wa Kipsang, vivyo hivyo. Akachoma wangu.

Kwanza mafuta yakawaka kwa mwali mrefu. Halafu uzi ukayeyuka. Ukanuka mtungi wa plastiki uliosahauliwa juu ya jiko, ukafanya tone jeusi, na tone likaanguka juu ya kiatu cha Linah.

Mwishowe Kipsang, kwa heshima zote, akauliza kondoo huyo hulishwa nini.

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akashika nguzo. Mimi nilimngoja Wachuka acheke ili nikasirike vizuri. Hakucheka. Alinivuta kando ya tangi, akaniambia kwamba kama ningeleta robo kilo mbovu, imekatika na kuungwa kila mahali, angenipa chumba, mradi mikono ingekuwa yangu. Alisema alitaka tu niamke asubuhi nikiwa na kitu cha kufanya, badala ya kukaa kitandani nikihesabu mabati. Akasema neno ni neno, na kikundi kimesikia. Kesho Longonot.

Ningeweza kumwambia samahani. Lilifika hapa kooni. Nikamwambia kiberiti cha Linah kilikuwa na unyevu.

Jumapili, 23 Novemba

Longonot. Upepo na vumbi, licha ya mvua. Jogoo wa Thuo ananitazama kutoka juu ya kabati. Thuo ameombea chakula cha mchana. Ametaja mvua, reli, wagonjwa, na ndugu yetu Kamande, yaani mimi, aliyedanganya kikundi cha akina mama. Viazi vikaganda.

Wachuka alinifungia gunia asubuhi, akasema nisilifungue mpaka nifike. Nimelifungua. Ndani mna blanketi. Zito, la kijivu na nyeupe, limefumwa kwa mkono, linafunika kitanda na kubaki. Thuo ananiambia aliarifiwa kwa simu: Wachuka alianza kulisokota wiki ile ile niliyotoka Kihoto, aliposikia matandiko yangu yamekwenda na maji. Sufu ni ya Kipsang. Kipsang alisaidia kusokota pia, jioni baada ya kufunga kondoo, na Linah ndiye aliyefuma na kulileta jana.

Nilikaa na blanketi hilo magotini kwa muda. Sijawahi kufumiwa kitu na mtu.

Lakini siku hizi huwezi kumwamini yeyote. Sufu ya Kipsang, kwa nini anipe mimi? Nikamwomba Thuo kiberiti.

Sikuchoma pembeni. Wajanja huweka sufu nzuri pembeni na takataka katikati, hilo karani yeyote wa stoo anajua. Nikachoma katikati. Njiti ya kwanza ilizima. Ya pili ikazima. Ya tatu niliikinga kwa kiganja, na ya nne na ya tano nikazishika pamoja. Ikanuka kichwa cha mbuzi, nyumba nzima. Jivu likavunjika kwa kidole. Ni sufu halisi, tena bora.

Sasa katikati ina tundu linalopitisha ngumi.

Nimempigia Wachuka. Nimemshukuru, kisha nikamwarifu kwa upole kwamba blanketi limefika na tundu, na kwamba ni vizuri kazi ya Kipsang iwe inakaguliwa na mtu mwenye uzoefu wa stoo. Akaniuliza kama tundu hilo lina weusi pembeni.

Nimemwambia mtandao wa Longonot unasumbua, nikakata simu.