Ufa wa Maktaba

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha bodi ya shule. Wajumbe sita. Chai hakuna. Mimi ndiye katibu, mwaka wa tano huu. Ajenda yenye uzito moja tu: bajeti imepungua, lazima nafasi moja ya kazi ifutwe. Mwenyekiti, muuguzi mstaafu ambaye bado huzungumza kama yuko wodini, alisema kwa upole kwamba watoto siku hizi hawaazimi vitabu, hivyo wa kufikiriwa kwanza ni mkutubi. Uamuzi wiki ijayo.

Mkutubi ni dada yangu.

Wote wanajua, kwa hiyo wote walitazama meza. Mimi nikaandika kila neno kwa mwandiko mzuri. Dada amebakiza miaka miwili astaafu. Akitolewa sasa, kiinua mgongo chake kinabaki nusu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka saba, yeye kumi na saba, akakatisha masomo miaka mitatu ili anilee. Sikubali. Nimekasirika hata chakula hakishuki. (Kilishuka baadaye.)

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa.

Leo dukani hakukuwa na wateja. Nauza kalamu na karatasi, na kutoa nakala mashine ikitaka. Nikachukua kanuni za bodi, nikazisoma kwa mara ya kwanza tangu niwe katibu. Kifungu cha tisa kinasema jengo likiwa kwenye ukarabati ulioidhinishwa, mfanyakazi wake haondolewi mpaka kazi ikamilike. Nikafunga kitabu hapohapo. Cha kusoma nini tena? Choo cha walimu kilikarabatiwa miaka mitatu. Dada atastaafu mafundi wakiwa bado wanachanganya saruji.

Basi maktaba inahitaji ukarabati, na ukarabati unahitaji ubovu. Upo ufa mmoja, nyuma ya kabati la kamusi, mwembamba kama uzi. Mkaguzi wa majengo anakuja Ijumaa. Ufa ule hatauona hata avae miwani miwili. Itabidi asaidiwe.

Mke wangu aliniuliza natabasamu nini peke yangu. Nikamwambia biashara imechangamka. Akatazama duka, akatazama barabara, akarudi ndani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeazima tindo na nyundo kwa shemeji. Nilimwambia nataka kutundika picha. Akauliza ni picha ya nani inayotaka tindo.

Nimeingia maktaba saa ya chakula cha mchana, dada akiwa chumba cha walimu na mlango ameuacha bila kuufunga. Nikasogeza kabati. Nilikusudia upana wa kidole, basi. Tofali la kwanza lilikuwa kaidi. La pili likatoka zima. La tatu likaona si vizuri kubaki peke yake, likamfuata mwenzake. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuhusu kuupanua walinyamaza, nami nimechukulia kimya chao kuwa ruhusa.

Nilirudisha kabati, nikafagia kwa gazeti. Hakuna aliyeniona. Mlangoni nikapishana na dada. Akanikung'uta vumbi jeupe begani bila kuuliza kitu, kama enzi zile akinipeleka shule. Nikamwambia ni chaki.

Jioni nimeandika muhtasari wa kikao cha Jumatatu ijayo. Ndiyo desturi yetu: muhtasari huandikwa kabla ya kikao, na huachwa nafasi mbili tupu, ya mtoa hoja na ya muunga mkono. Mwenyekiti huongoza kwa kufuata karatasi yangu, wajumbe hutia sahihi bila kusoma. Nimeandika: Bodi imeidhinisha ukarabati wa maktaba. Sentensi nzuri sana.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi ni mama mmoja mkimya mwenye tochi. Nilimtembeza mwenyewe. Kwenye kamusi nikajikwaa, nikaliegemea kabati, likasogea. Nikasema, loo, kumbe kuna ufa.

Akamulika. Akagonga ukuta, akasikiliza. Akaenda mita mbili mbele, akagonga tena. Akatoka nje kutazama paa, muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kisha akaomba watu wote watoke, dada na kikombe chake, na watoto wawili waliokuwa wanasoma (nikamkumbuka Mwenyekiti na maneno yake). Akafunga mlango kwa utepe mwekundu.

Nilimfuata hadi getini nikimweleza kwamba ufa wa aina ile hurekebishwa polepole, tuseme miaka miwili. Akaniuliza kama mimi ni mhandisi. Nikasema ni katibu. Akaandika kitu.

Jumatatu, 10 Machi



Ripoti imesomwa. Jengo la maktaba limechoka tangu msingi. Halikarabatiki. Libomolewe, vitabu vigawiwe madarasani. Nikasimama, nikataja kifungu cha tisa kwa sauti kubwa. Ndipo mjumbe tunayemwita Bibi Kanuni, mfamasia anayetembea na kanuni mkobani pamoja na dawa za kikohozi, akafungua ukurasa unaofuata. Kifungu cha kumi: jengo likibomolewa, nafasi zote za kazi zilizomo zinafutwa. Kilikuwa pale siku zote. Ningegeuza karatasi moja tu.

Si hayo tu. Ripoti inasema ukuta umetobolewa kwa chuma, siku chache zilizopita. Mwenyekiti alisahau upole wake. Alitaka uchunguzi, na ikibidi polisi. Funguo za maktaba anazo mkutubi, kwa hiyo Jumatano aitwe ahojiwe.

Nilikata sentensi yangu nzuri kwa mstari mmoja.  

Jumatano, 12 Machi

Dada alikuja na gauni lake la kijivu, lile la siku za mitihani. Hakuketi. Alisema funguo ni zake na dhamana ni yake. Ataondoka, atapokea nusu bila kukata rufaa, ila uchunguzi ufungwe leo, maana ukuta wenyewe unakwenda kubomolewa. Mwenyekiti akamuuliza kama anamjua aliyefanya. Akajibu kwamba anachojua ni kuwa ukuta ulikuwa wa zamani.

Bibi Kanuni alitoa hoja ombi hilo likubaliwe, na akaongeza sharti: faili la mkutubi lisiwe na doa, ikigundulika hati yoyote ya uongo yenye jina lake, hata hiyo nusu hapati. Akatafutwa wa kuunga mkono. Hakuna mkono ulionyanyuka. Kikao kizima kikanigeukia. Nikanyanyua wangu. Kisha nikajaza jina langu kwenye nafasi tupu, kwa mwandiko mzuri.

Dada alinisubiri nje, penye baiskeli za walimu. Alisema alijua tangu aliponikung'uta bega, maana maktaba haina chaki. Alisema mchuma janga hula na wa kwao, na safari hii yeye amelila hata lililokuwa kwenye sahani yangu. Hakupandisha sauti. Angenipiga kofi ningepumua. Aliniomba kitu kimoja: niape sitamsaidia tena kamwe bila kumuuliza kwanza. Nikaapa. Nikalia kama mtoto, na yeye ndiye aliyenipa leso. Nina aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimembebea dada vitu vyake hadi nyumbani. Boksi mbili, birika, sweta. Miaka ishirini na sita ya kazi imeingia kwenye toroli moja. Alisema anataka kupumzika, miezi sita asiulizwe kitu na mtu yeyote. Hataki kutafutiwa kazi. Alilirudia hilo mara mbili huku ananitazama. Nimemwelewa kabisa.

Nikirudi nikapitia ubao wa matangazo. Shule ya jirani inatafuta mkutubi. Mwisho wa kupokea maombi: leo, saa kumi. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Muda wa kumuuliza haukuwepo. Mwandiko wake naujua tangu akiniandikia barua za kuomba ruhusa nikiumwa. Sahihi imetoka vizuri, hata mkia wake. Wanataka mtu asiyezidi miaka hamsini, yeye ana hamsini na nane. Nimeandika arobaini na tisa, sura yake inakubali. Barua ya sifa kutoka bodi nimeiandika mwenyewe, mhuri si ninao mimi? Nimezifikisha zote kabla ya saa kumi.

Sijavunja kiapo. Nitamuuliza, tena kwa heshima zote, akishaitwa kwenye usaili.