Karamu Yangu ya Kura Wexcombe

Jumatatu, 5 Aprili 1784

Asubuhi mbaya. Baba kaniita maktabani. Kaka Augustus ndiye atakayerithi cheo cha ulodi, jumba na mbwa wote wa kuwinda. Mimi mtoto wa pili nina farasi mmoja na cheo cha luteni alichoninunulia Baba kabla sijaota ndevu. Sasa kikosi changu kinapelekwa Jamaika, ambako homa inazoa maofisa. Nikasema tumbo linaniuma. Baba akasema dawa anayo: nigombee ubunge wa Wexcombe. Nikishinda, nabaki. Nikishindwa, meli. Jamaika! Mimi ambaye hata jua la hapa Devon linanibabua!

Jumanne, 6 Aprili

Nimefika Wexcombe. Mpinzani wangu ni Josiah Crump, mtengeneza mishumaa, mtu wa kutabasamu bila sababu. Hapa mpiga kura ni mwanamume yeyote mwenye meko yake, anayechemsha chungu chake mwenyewe. Sheria ya ajabu, lakini imenifaa: wenye vyungu ni watu wa tumbo. Crump anawapa hotuba. Mimi nitawapa nyama! Nimekodi baa nzima ya Bi Tabitha Yeo. Mpaka siku ya kura, wapiga kura na wake zao wanakula bure, asubuhi, mchana na jioni. Sijui kwa nini watu huona siasa ngumu.

Alhamisi, 8 Aprili

Ushindi unanukia. Ng'ombe kaisha, tumechinja mwingine. Fundi viatu Amos Tuckett kanikumbatia mpaka kifungo cha koti kimekatika. Kasema Mungu anibariki, mkewe hajawasha hata kijiti tangu nije. Machozi yamenilengalenga. Crump anapita nyumba kwa nyumba akichungulia meko ya watu. Nikamwuliza kupitia dirisha la baa kama anatafuta makombo. Baa nzima ikaangua kicheko. Yeye akanivulia kofia kwa adabu. Maskini, kachanganyikiwa.

Jumamosi, 10 Aprili

Balaa! Watu wangu wamekuja kupiga kura kwa nyimbo. Crump akamwambia meya, msimamizi wa kura, kwamba hawa hawajipikii, wanalishwa. Meya akaenda kukagua. Jivu baridi kila nyumba. Ndani ya chungu cha Tuckett, paka kazaa. Meya akamwuliza Tuckett lini alipika mara ya mwisho. Tuckett, akidhani ananisaidia, akatoa kifua mbele na kutangaza kwamba hajapika tangu nifike, wala wenzake hawajapika, na anayebisha ajitokeze wazipige. Wenzake wakashangilia! Meya akawafuta wote. Crump kapita kwa kura za wagonjwa wa tumbo, waliobaki nyumbani kuchemsha uji. Hata hivyo watu wangu wakanizungusha mji mzima kwenye kiti cha kumbebea mshindi, wakisema kimeshapambwa. Nimefurahi sana, kusema kweli.

Jumatano, 21 Aprili

Bandari ya Portsmouth, meli inatungoja. Nimetafakari na kosa nimeliona: wale wagonjwa ningewapelekea supu kitandani.

Lakini kuna habari njema! Kesho, kundi la askari litakalosimamisha mahema upesi kuliko yote mbele ya jenerali litabaki kulinda bandari, wengine wanapanda meli. Makundi mengine yanafanya mazoezi mpaka viganja vinachubuka. Wajinga! Mimi nimekodi wapagazi wa bandarini wawafanyie watu wangu mazoezi yote. Askari wangu wamelala siku nzima, wana nguvu tele, na hema hawajaligusa. Nimeshamwandikia Baba asimpe mtu chumba changu.