Kamati ya Unyevu wa Ziada

Inatangazwa kwa wananchi wote, wa mjini na wa malishoni, kwamba Ofisi ya Kusubiri Ukame, tawi la Garissa, ndiyo ofisi ya kwanza mkoani kuunda Kamati ya Kutoa Habari Nyeti kwa Utulivu. Mimi ni mwanakamati. Nashughulikia chai.

Mambo yalianza Mkuu wetu, Bwana Kulow, alipoenda semina Nairobi. Huko alifundishwa kuwapa wafanyakazi habari mbaya bila mtu kupiga kelele, akarudi na cheti na mkoba. Shida ni kwamba habari mbaya yenyewe ilikuwa haiji. Kila asubuhi ananisimamisha mlangoni: "Ifrah, hakuna msiba?" Namwambia hakuna. Anaingia ndani amenuna.

Basi Mungu akamkumbuka. Mwaka wa tisini na saba ikaja mvua ya elinino, na siku moja redio ya ofisi ikasema Mto Tana unavunja kingo, watu wa chini wahame leo hii.

Bwana Kulow alifurahi sana. Akafunga mlango, akaita kamati.

"Wafanyakazi wasijue lolote mpaka tuwaandae kisaikolojia," akasema.

Nikachungulia dirishani. Wafanyakazi walikuwa uani, wamekunja suruali, wanayatazama maji yakiingia langoni.

Tukajadili neno la kutumia. "Mafuriko" likakataliwa, linashtua. "Maji mengi" likakataliwa pia, kwa sababu sisi ni watu wa ukame na maji si kazi yetu. Tukapitisha "unyevu wa ziada". Halafu tukaingia kwenye uso wa kutangazia. Mkuu alitujaribia nyuso kadhaa, kamati ikachagua ule wa mtu anayengoja nyama iive.

Hapo Dahabo, karani wa taipu, akabisha hodi. Dahabo anakaa kota za ofisi kule chini mtoni, na mama yake mzee asiyeweza kutembea.

"Mkuu, naomba ruhusa nikamtoe hooyo, mama yangu."

"Kwa sababu gani?"

"Maji."

"Maji gani?"

Dahabo akaangalia viatu vyake, ambavyo alikuwa amevishika mkononi. "Haya hapa, adeer."

"Mimi sijatangaza maji yoyote. Huwezi kuomba ruhusa kwa habari usiyoijua."

"Lakini naijua."

"Unaijua vibaya. Hujaijua kwa utulivu."

"Wallahi, hooyo akizama kwa utulivu, mimi nitafaidika nini?"

"Rudi kwenye taipu. Mtaitwa."

Nilipozungusha chai nilimkuta analia huku anachapa tangazo la unyevu. Nikaenda kwa Halake, dereva, nikamkumbusha kwamba leo ni Ijumaa. Halake msikitini huonekana Idi kwa Idi, lakini alinielewa upesi. Akasimama mbele ya Mkuu.

"Naomba ruhusa niende swala."

"Swala ni saa saba. Sasa hivi ni saa nne."

"Nataka safu ya mbele, Mkuu."

Hakuna bosi Garissa anayeweza kumzuia mtu Ijumaa. Ghafla ofisi nzima ikataka safu ya mbele. Landrova ikajaa, Dahabo naye ndani, ikashuka kota. Wakapakia wazee, watoto, magodoro na mbuzi, wakawa wanawapandisha juu kwenye kilima cha msikiti. Safari ya mwisho Halake akapita ofisini kutuchukua mimi na Mkuu, tuliobaki. Mama yake Dahabo alikuwa amekaa kiti cha mbele, ambacho ni cha Mkuu peke yake, anakunywa maziwa.

Halake akaninong'oneza jambo. Nikaingia kwa Mkuu. Alikuwa amepandisha miguu mezani, kwa sababu ya unyevu.

"Mkuu, kuna habari nyingine."

Macho yakamng'aa. "Nyeti?"

"Nyeti kabisa. Kuna mfanyakazi mmoja wa ofisi hii, nyumba yake imechukuliwa na mto."

"Maskini! Asiambiwe haraka. Alikuwa na vitu?"

"Sofa seti, Mkuu. Saa hizi iko njiani kwenda Bura. Na televisheni ya rangi. Na friji mbili."

Akashusha miguu majini. "Friji mbili! Kwa mshahara wa ofisi hii? Amezipata wapi?"

"Hatujui, Mkuu."

"Huyo ni mwizi! Kamati ipitishe azimio: kwanza aambiwe kwa utulivu, halafu achunguzwe."

Tukapitisha, mkono wangu na wake.

"Mwiteni sasa. Ni nani?"

Mimi nilikuwa nataka kumkalisha vizuri na kumpa chai kwanza, kama semina ilivyosema. Lakini hooyo, ambaye hajawahi kwenda semina yoyote, akatoa kichwa kwenye dirisha la Landrova.

"Warya, Kulow! Nyumba yako imekwenda na mto! Panda gari, sisi tunaondoka!"

Kelele aliyopiga Bwana Kulow ilisikika ng'ambo ya mto. Siku nzima ile, watu wote, watoto na wazee, ni yeye peke yake aliyepiga kelele. Tulimwonea huruma, tukabanana apate nafasi nyuma, katikati ya mbuzi.

Njiani akaniinamia sikioni. "Ifrah, walaal, dada yangu, yale ya friji tuyaache."

Nikamjibu kwa heshima zote kwamba mimi ni wa chai tu. Kufuta azimio la kamati, sina uwezo huo.