Jinsi Raymundi Alivyolitia Gari Jekundu Ubongo

Tegeni masikio, enyi watu wa Unyanyembe na wa pande zote nne, mliokaa barazani na mliosimama juani, wenye viatu vya ngozi na wenye makatambuga ya tairi! Zimeni redio, na anayetwanga aegemeze mchi ukutani. Kwa maana leo hatusimulii vita vya ruga-ruga, wale askari wa watemi wa zamani, wala misafara ya pembe iliyotoka Tabora kwa miguu hadi pwani, wapagazi wana mzigo begani na wimbo mdomoni. Hayo ni madogo, yamekwisha kusimuliwa na watu waliosoma. Leo tunasimulia jinsi Raymundi mwana wa Marko mrina asali, Raymundi Mshika Spana, Simba wa mtaa wa Isevya asiyekuwa na jeki, alivyochagua ubongo wa gari, akautia garini, na gari likaenda.

Lilikwenda hatua mia mbili na kumi na moja. Zilihesabiwa.

Ewe Mola uliyempa nyuki akili bila kumpeleka shule, utie nguvu ulimi huu, maana nao haukwenda siku nyingi.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu, zama za Ujamaa, sabuni ikitafutwa kama lulu na sukari ikisikika tu kwa jina. Na amri ya Nguvu Kazi ilikuwa imepita nchi nzima: kila mtu mzima awe na kazi inayojulikana, na asiyekuwa nayo apandishwe lori, apelekwe shambani akalime. Ndipo Jumatatu moja, jua likiwa utosini, akaja mlangoni kwa shujaa wetu Ndugu Masele, katibu wa kata, mtu wa kalamu tatu mfukoni na wino katika moja tu, akafungua daftari lake kama jemadari afunguavyo ramani ya vita.

"Ndugu Raymundi. Kazi yako?"

"Fundi magari, Ndugu Katibu."

"Gari gani umetengeneza mwaka huu?"

Hapo shujaa akanyoosha mkono, kwa madaha ya sultani aonyeshaye milki yake, akaelekeza uani, ambako gari jekundu lilikuwa limelala juu ya matofali manne, kuku amelitagia kwenye kiti cha nyuma.

"Hilo."

"Linakwenda?"

"Litakwenda."

Masele akacheka mpaka kalamu zikagongana. "Ndugu yangu, lori la Jumatatu ijayo linakwenda. Hilo nina hakika nalo. Sikiliza: Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuja nikae ndani ya hilo gari mwenyewe. Likinifikisha kwenye jiwe jeupe mbele ya ofisi yangu, kwa nguvu zake, bila kusukumwa na mtu, nitakuandika una kazi. Lisipofika, mwambie mama akufungie blanketi."

Na mama huyo, mkewe Apolinaria, ambaye kwa jina la binti yao aliitwa Mama Josepha, alisikia yote kutoka jikoni, akaacha kupepeta mchele. Miaka ishirini alikuwa ameolewa na mwanamume huyu, na kati ya hiyo alikaa naye labda tisa. Kwani Raymundi alikuwa mtu wa njia, mwenye damu ya wapagazi, aliyepakia makaa kwenye treni ya Kigoma, akapikia wapimaji ardhi Mpanda, akasoma darasa la kwanza Sikonge, la pili Ipole, na la tatu akalisikilizia dirishani Urambo. Kote alikopita alijifunza nusu ya kitu. Hatimaye alikuwa ametulia nyumbani; na sasa lori.

"Baba Josepha," akasema, "safari hii ukiondoka sikungoji."

Hilo ndilo lililomchoma shujaa, si jembe.

Sasa mjue habari za gari lenyewe. Liliachwa na mhandisi mmoja wa kigeni wa barabara, ambaye alipomaliza mkataba wake alimtupia Raymundi ufunguo akisema: injini nzima, ubongo umekufa. Na kweli, maana lile halikuwa gari la kawaida. Pembeni mwa injini lilibeba tabo, konokono wa chuma anayekula moshi wa ekzosi na kuurudisha kwa nguvu kama upepo ndani ya injini, hata farasi tisini wakawa mia moja na thelathini. Lakini farasi wengi hivyo hawaendi bila mchungaji. Na mchungaji wao alikuwa kisanduku cha kompyuta, kinachoamua kila nukta ya saa nozeli zitoe petroli kiasi gani. Panya wa Isevya walikuwa wamekila. Hawakubakiza ila skrubu.

Shujaa akavaa shati lake lenye vifungo vyote, akashika njia ya sokoni, kwenye duka la Rasiklal, ambalo rafu zake za mbele zilikuwa na viberiti na masufuria mawili, na za nyuma hakuna ajuaye isipokuwa Rasiklal.

"Shikamoo, Mzee Rasiklal."

"Marahaba, fundi. Sema polepole, kuta zinasikia."

"Nataka kompyuta ya inji..."

"Shii! Kompyuta haziruhusiwi kuingia nchini, wewe hujui? Hapa hapana kompyuta. Hapa kuna masanduku." Akafunga mlango, akaweka juu ya meza masanduku matatu, yaliyotoka kwa shemeji yake wa Mombasa, mtengenezaji wa magari ya mashindano; kisha Rasiklal akasimama nyuma ya meza kama kadhi nyuma ya kitabu, akahutubu: "Tazama, ewe mwana wa Marko! La kwanza hili, jipya, linang'aa, hata mke wangu Saroj alitaka kuliweka sebuleni. La pili, dogo kama sabuni, akili nyingi kuliko mimi na wewe. La tatu, mtumba, kifuniko kimepotea, aibu kulitaja. Chagua kama mwanamume."

Mtu mwingine angelirukia lile linalong'aa. Raymundi aliinama, akahesabu waya kwa kidole, midomo ikicheza.

"Hili la kwanza lina waya sita za nozeli. Gari langu lina nozeli nne. Mbili zilizobaki zitamnyunyizia nani?"

"Mungu," akasema Rasiklal.

"Na hili dogo, linafundishwa na nani kazi yake?"

"Na sanduku lingine kubwa zaidi. Liko Ulaya."

"Na hili la aibu?"

Rasiklal akaligeuza. Ubavuni lilikuwa na vifundo tisa vidogo vya kuzungusha kwa bisibisi. "Hili linafundishwa kwa mkono. Ukizungusha hiki petroli inazidi, ukirudisha inapungua. Hiki kwa injini baridi, hiki kwa tabo ikianza kupuliza. Halitaki kusoma. Linataka masikio."

Shujaa akalibeba kifuani kama mtoto. "Nalitwaa hili. Mimi na yeye tumesoma shule moja."

Wakapatana kwa debe la asali ya Sikonge, maana Saroj alikuwa na kikohozi kisichosikia dawa. Na Rasiklal, kwa ukarimu wa wafalme, akaongeza lita mbili za petroli ndani ya chupa za siki.

Ndipo vikaanza vita vya waya. Usiniulize majeshi yalikuwa makubwa kiasi gani: waya arobaini na moja, nyekundu, kijani, na nyingine zilizopoteza rangi zamani. Raymundi alilala chali chini ya dashibodi Jumanne kutwa, miguu nje mlangoni, akilehemu kwa msumari mkubwa uliotiwa moto kwenye jiko la mkewe, akipigwa na matone ya risasi iliyoyeyuka shingoni, akiwatukana panya kwa Kinyamwezi na kumwomba Mungu kwa Kiswahili. Waya wa joto la maji ukapata mwenzake. Mpira mwembamba wa kupima pumzi ya tabo ukafungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Jumatano adhuhuri akalishusha gari kutoka kwenye matofali kwa mabega ya majirani, akatia nusu lita ya petroli, akazungusha ufunguo. Na injini, iliyokuwa kimya mwaka mzima, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi uliofunika nguo za majirani kambani.

"Linakula sana!" Apolinaria akapiga kelele nyuma ya ekzosi, khanga puani.

Akarudisha kifundo cha tatu.

"Sasa linapiga risasi!"

"Hapo lina njaa." Akaongeza kidogo.

"Sasa... sasa linaimba, Baba Josepha."

Na kweli liliimba. Konokono wa chuma alipiga mluzi mwembamba, na kuku akahama kiti cha nyuma asirudi tena. Raymundi akazima haraka kuokoa petroli, akakaa pale usukani na machozi, ambayo alisema ni ya moshi.

Likabaki jambo moja dogo, na majemadari wote huangushwa na jambo dogo. Ubongo haukuwa na kifuniko, na vumbi la Isevya halihitaji kukaribishwa. Shujaa akachukua kipande cha mzinga wa babaye, gome la mti wa mtundu lisilopitisha joto wala maji, akautia ubongo ndani, akaziba ncha zote mbili kwa nta iliyoyeyushwa, akaacha tundu moja la kupitishia waya, upana wa kidole gumba, akaufunga chini ya dashibodi upande wa abiria.

Apolinaria akainama, akanusa.

"Nta?"

"Nta."

"Marehemu baba yako alikuwa anapaka nta kwenye mizinga kwa ajili gani?"

"Kuwaita nyuki, nani asiyejua? Lakini ule ulikuwa mzinga, na huu ni ubongo. Nyuki wanajua tofauti."

Hayo aliyasema mtoto wa mrina asali, aliyeikimbia mizinga ya babaye ujanani kwa sababu, alisema, haina gia.

Alhamisi alfajiri akapanda baiskeli kwenda Sikonge kulitafuta debe la Rasiklal. Ijumaa nzima Apolinaria alikuwa kwenye zamu ya shamba la ujamaa. Gari likabaki peke yake uani, kioo cha abiria hakipandi tangu zamani, jua linalipasha, na harufu ya nta inatoka polepole ikitembelea mtaa.

Jumamosi saa tatu kasorobo shujaa aliingia na baiskeli, debe limefungwa nyuma, mwekundu kwa vumbi toka unyweleni hadi kisiginoni. Masele alikuwa amekwisha kukaa kiti cha abiria, daftari magotini. Nusu ya Isevya ilikuwa imekuja kumwaga machozi au kucheka, kutegemea mwisho wake.

"Ndugu Raymundi, gari lako linanguruma kabla hujaliwasha."

Raymundi akainamisha sikio. Kweli: kutoka ndani ya gome ilitoka sauti nene, tulivu, ya wengi waliokubaliana. Akajaa fahari, akawageukia watu, akasema maneno ambayo watoto wa Isevya huyarudia mpaka leo:

"Hiyo ndiyo akili yenyewe. Inawaza!"

Akazungusha ufunguo. Likawaka! Akatia gia, na gari jekundu likatoka uani bila kusukumwa na mtu, likapita kwa muuza mkaa, likapita kisima, watu wakilifuata kwa vigelegele, mmoja akihesabu hatua kwa sauti. Hatua ya themanini tabo ikapiga mluzi. Masele alisahau ukatibu, akatoa kichwa dirishani na kupungia mkono kama kiongozi wa kitaifa.

Hatua ya mia na ishirini akarudisha kichwa ndani.

"Ndugu Raymundi. Kompyuta yako imetoa nyuki."

Raymundi akakaza macho barabarani.

"Imetoa wa pili."

Raymundi akatazama chini, akaliona tundu la kidole gumba, akawaona walinzi wa mlangoni wakitoka mmoja mmoja kuuliza nani anatikisa nyumba yao. Na katika dakika hiyo mizinga yote aliyoikimbia kwa miaka ishirini ikamfikia, ndani ya gari lake mwenyewe. Akiruka nje, gari litasimama na lori ni lake. Akizima, ni hivyo hivyo. Likamrudia somo pekee alilowahi kulimaliza.

"Usimpige. Usipumue kwa nguvu," akasema, sauti ya baba yake ikamtoka kinywani. "Kaa kama gogo."

Masele alikaa kama gogo hatua sita. Kisha akafungua mlango akaruka, daftari kichwani, akakimbia mbele ya gari kuelekea ofisini, jambo lililowapa wasiojua fikra kwamba anaongoza maandamano. Raymundi akabaki. Mmoja akamchoma sikio, mwingine kope. Hakuinua mkono. Kwa mguu mwepesi kama wa mtu akanyagaye tawi bovu mtini, akalipeleka lile gari polepole, bila kulitikisa, jicho moja limevimba, akiwanong'oneza nyuki Kinyamwezi cha babaye. Na mhesabu hatua aliposema mia mbili na kumi, gurudumu la mbele likagusa jiwe jeupe, na kwa hatua moja zaidi likalipita. Petroli ikaisha. Mluzi ukanyamaza. Nyuki wakarudi nyumbani, yaani ubongoni.

Dirisha la ofisi likafunguka upana wa karatasi.

"Limefika," sauti ya Masele ikasema kutoka ndani. "Neno langu ni neno. Lakini niandike nini? Fundi magari, huna hata jeki. Fundi kompyuta, tutafungwa wote wawili. Ila kuna safu hapa, Chama kinaipenda sana, haijapata mtu mwaka mzima." Akakohoa. "Mfuga nyuki."

Shujaa alisimama pale barabarani, amevimba na mweusi kwa masizi. Miaka ishirini, treni, Mpanda, Urambo, waya arobaini na moja. Akamtazama Apolinaria kati ya watu. Naye Apolinaria, ambaye hakumwambia mtu yeyote "nilikuambia", ingawa alikuwa na haki hiyo na mashahidi, alimwonyesha kwa kidevu njia ya kurudi nyumbani.

"Andika," akasema Raymundi.

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote, na asiyeamini akaulize: lori la Jumatatu liliondoka bila yeye. Gari jekundu halikusogea tena pale mbele ya jiwe jeupe, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuligusa. Na asali yake, iliyorinwa mara mbili kwa mwaka kwa kufungua mlango wa abiria, ilimponya Saroj kikohozi, ingawa alilalamika ina harufu ya petroli. Na katika daftari la kata, kwa wino wa kalamu ile moja, yakaandikwa maneno ambayo hakuna mfalme wa njia ya pembe aliyepata kuandikiwa: *Raymundi Marko. Mfuga nyuki. Mizinga: mmoja. Magurudumu: manne.*