Mita Tatu za Bitana na Hesabu Yangu ya Form Four

Leo nimejiaibisha mwenyewe, mchana kweupe, katikati ya mji wa Bukoba, na hakuna aliyenisukuma. Naandika mapema kabla hamjasimuliwa na wengine, maana walioshuhudia wana simu.

Iko hivi. Baba mkwe alifariki mwaka jana. Mama mkwe, anayeishi Kamachumu, alinikabidhi mashati ya marehemu nimshonee blanketi la viraka. Alinipa moja moja, kila moja ananusa kwanza. Jumapili hii ni misa ya mwaka, na siku hiyo anataka ajifunike blanketi hilo. Viraka nimeunganisha vyote. Katikati nimeweka blanketi kuukuu. Kilichobaki ni bitana tu, kile kitambaa cha upande wa chini, na rangi alishachagua: kahawia, kama koti la mumewe. Nimezunguka mji mzima, rangi hiyo nimeikuta duka moja tu, kwa Mzee Jamali.

Mzee Jamali ni Mhindi aliyezaliwa hapahapa, Kihaya anakijua kuliko mimi. Jana nilimwambia anikatie mita tatu. Akauliza blanketi lina ukubwa gani. Nikamjibu upana mita mbili, urefu mbili na ishirini. Akatikisa kichwa, akasema kwa ile heshima ya Kihaya, nichukue tano, waitu, tatu hazitafika.

Hapo nikashtuka. Mtu ana jora linaloelekea kuisha, anataka kulimalizia kwangu! Halafu akamtupia jicho Adventina, fundi anayeshona barazani kwake, na Adventina akainamia cherehani haraka haraka. (Mtu asiye na hatia anainamia nini?)

"Mzee, mimi nimemaliza form four," nikamwambia. "Hesabu nilipata B."

Nikamfanyia palepale kwenye simu. Mbili mara mbili nukta mbili, unapata nne nukta nne. Kitambaa chake kina upana wa mita moja na nusu. Gawanya. Inakuja mbili nukta tisa na ushee. Mita tatu, tena na kipande kinabaki. Mzee hakubisha. Akakata tatu, akafunga, akanishukuru. Huko kutobisha nako sikukuelewa. Nilirudi nyumbani Kahororo nikiliwaza jambo hilo njia nzima.

Asubuhi ya leo nikatandika bitana sakafuni, blanketi juu yake. Upande mmoja safi. Upande wa pili, nusu mita ya mashati ya baba mkwe haina kitu chini. Nikavuta. Nikageuza kitambaa, kikapungua upande mwingine. Nikarudisha. Pale miguuni kilikuwa kimezidi sana, lakini sikukitilia maanani. (Akili ilikuwa bado imelala.) Nilichojua ni kimoja: hesabu yangu ni sahihi, kwa hiyo nimeibiwa upana. Mume wangu akauliza kama nimekipima. Nikamuuliza yeye yuko upande wa nani.

Futi ya kupimia nilishamrudishia jirani, na sikuona sababu ya kuifuata. Nikamfunga mwanangu Koku mgongoni, nikalibeba blanketi lote, nikapanda bodaboda hadi dukani.

Kulikuwa na wateja. Vizuri, nikasema moyoni, wasikie. Nikalitandaza blanketi barazani, nikaweka kitambaa juu, nikaanza kuhutubia. Nikasema kuna watu wanawaona kina mama wenye watoto wachanga kuwa hawana macho. Nikasema mambo ya mizani nayajua, sasa wamehamia kwenye upana. Madereva wawili wa bodaboda wakazima pikipiki ili wasikie vizuri.

Mzee Jamali akatoka na mita yake ya mbao. Akapima upana mbele ya watu: mita moja na nusu. Akapima urefu: mita tatu, na shibiri moja ya nyongeza aliyonipa bila kuniambia.

Hapo mtu mwenye akili angefunga mzigo wake akaondoka.

Mimi jicho likaenda kwenye rafu. Nyuma ya kaunta kulikuwa na furushi la gazeti, na pembeni yake kinachungulia kitambaa cha kahawia. Kilekile! Nikapita pembeni ya kaunta (ndiyo, niliingia ndani ya duka la mtu), nikalichukua, nikaliinua juu watu wote walione.

"Na hiki ni nini, Mzee? Si ndicho changu hiki?"

"Ndicho chako," akasema.

Adventina akanyanyuka, akasogea. Kwenye lile gazeti kulikuwa na maandishi ya kalamu, upande uliowaelekea watu. Akayasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma somo kanisani:

"Mama Koku. Atarudi."

Baraza zima lilicheka. Hata Koku mgongoni alicheka, na yeye hajui hata kuhesabu.

Kumbe jana nilipoondoka alikuja mwalimu mmoja kutoka Kashozi, akataka jora lote lililobaki, la mapazia. Mzee akakata kwanza mita mbili na nusu, akaniwekea. Asingefanya hivyo, rangi ya koti la baba mkwe ningeiona kwenye madirisha ya shule, na Jumapili ningemfunika mama mkwe nusu.

"Hesabu yako ni nzuri sana, Mama Koku," Adventina akaniambia huku anajifuta machozi. "Ungekuwa unapaka ukuta rangi, ingetosha kabisa. Kitambaa hakipakwi."

Akanionyesha: vipande viwili virefu, ubavu kwa ubavu, mshono katikati. Dakika moja tu. Tena akaniambia kile kilichozidi nitoe foronya.

Nimemwomba Mzee msamaha kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kihaya, na nusu yake sikuielewa. Nimelipa nikiangalia chini. Bado nina hasira, ila sijui tena nimkasirikie nani.

Sasa nashona. Jumapili mkifika Kamachumu, lisifieni blanketi, na mkiulizwa kuhusu ule mshono wa katikati, semeni ni mtindo.